Nishani Isiyokuwa na Jina

Wasikilizaji wapenzi, mlioko Isiolo mjini na mlioko Merti, Garba Tulla, Kinna na Oldonyiro, na wewe dereva uliyetufungulia redio njiani ukielekea Marsabit, nakuombeni subira kidogo, kwani jambo nililokuja nalo jioni hii si la kusemwa mbio mbio.

Kila mwaka, ifikapo Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, hutoka orodha ya majina ya watu ambao Rais amewatunukia heshima za taifa, na orodha hiyo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha watu huipitia kila mmoja kwa haja yake: yupo atafutaye jina la jamaa yake apate kufurahi, yupo atafutaye jina la hasimu yake apate kukasirika, na yupo kama mimi, ambaye huteremka nayo kwa kidole, jina baada ya jina, nikitafuta mtu mmoja ninayemjua kuwa ni wa upande wetu huu. Sisemi kwamba simpati kamwe. Nasema kwamba aghalabu nimpatapo huwa ni mtu ambaye tayari alikuwa na gari la serikali, na mlinzi, na kiti cha mstari wa mbele katika kila hafla, hata najiuliza nishani ile imekwenda kumwongezea nini ambacho hakuwa nacho.

Lakini kabla sijalalama, na tulitazame neno lenyewe. Nishani ni neno lililotufikia kutoka kwa Waajemi, na maana yake kwao ni alama, kitu cha kumtambulishia mtu. Tuzo nalo, ambalo wazee wa pwani hulitamka tunzo, ni jamaa wa kitenzi kutunza, na katika ngoma na taarabu kutunza ni kumwendea mchezaji au mwimbaji pale pale anaposifika, ukamtia fedha mkononi au ukambandika kwenye paji la uso, kadamnasi ya watu wakishuhudia. Ndipo ikasemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Basi hapa pana mambo mawili mbalimbali, ingawa siku hizi tunayachanganya kinywani. Tunzo hutolewa mbele ya walioona. Nishani huchukuliwa kifuani ipelekwe kwa wasioona, ili iwaambie: mtu huyu alifanya jambo, na ninyi hamkuwako. Kwa muradi huo nishani ni shahidi, na kama ilivyo kwa shahidi yeyote, yatupasa kumwuliza alikuwa wapi, aliona nini, na ni nani aliyemwita barazani.

Waliozipa majina heshima za Kenya, niwape haki yao, hawakwenda mbali kutafuta. Daraja la Moyo wa Dhahabu na Daraja la Mkuki wa Moto yote mawili yana ngazi tatu, na ngazi hizo ni za Chifu, za Mzee na za Morani. Morani! Neno hilo Msamburu wa Archers Post, hapo ng'ambo ya Ewaso Ng'iro, hahitaji kufasiriwa, kwani alikuwa nalo kabla ya kuwako gazeti, rasmi au lisilo rasmi. Ila kwake yeye morani hateuliwi na kamati. Huingia umorani pamoja na rika lake zima, na baada ya takriban miaka 14 rika jingine hufunguliwa nyuma yake, naye huelekea kwenye uzee pamoja na wenziwe wote, shujaa na mzembe bega kwa bega, na kila mtu katika boma anajua nani alikuwa shujaa na nani alikuwa mzembe, bila ya kuandikiwa. Waborana nao, ambao hapa kwetu kwenye Waso wengi wamekwisha kusilimu lakini jina la Abba Gada hawajalisahau, walikuwa na zamu ya uongozi ya miaka 8, na wazee wa gada walivaa kwenye paji la uso pambo la madini liitwalo kallacha. Aliyelivaa hakuhitaji kueleza amelipata wapi, maana waliomtazama ndio waliomlea na ndio waliomtii.

Taabu ilianza pale mtu alipotenda mahali pamoja na kutakiwa aheshimiwe mahali pengine.

Mji huu wetu wenyewe kwa sehemu yake ni nishani. Wasomali wa Kiisaaq waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa kukaa hapa Isiolo katika miaka ya 1920, na wajukuu wao husimulia mpaka leo kwamba makazi yale yalikuwa ndiyo jaza ya utumishi wa babu zao. Walakini jaza ya ardhi isiyo na hati ni sawa na ahadi ya kinywa, na ni nani kati yetu, awe Mwisaaq, Mborana, Mmeru, Mturkana au Msamburu, asiyejua mashaka ya kukaa juu ya kiwanja cha baba yake bila ya karatasi ya kukionyesha? Hilo nalipita upesi, kwani lingetaka jioni ya peke yake.

Nilikuwa na jirani hapa Bulapesa, Mungu amrehemu, mzee mrefu mwenye haya, ambaye alipigana Burma pamoja na King's African Rifles, katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika yao, askari wakizama topeni na malaria ikiwaangusha pamoja na risasi. Alirudi na nyota ya shaba yenye ncha sita, iliyoning'inia kwenye utepe wa buluu iliyokoza, nyekundu na rangi ya chungwa. Katika miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta sikumwona akiivaa hata siku moja, hata siku za sikukuu. Aliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na stakabadhi za kodi na karatasi zake za jeshi. Alipofariki, wanawe waligawana mbuzi kwa sheria, kila mtu na fungu lake, na mkebe ukabaki darini bila ya mrithi. Siku moja mjukuu wake akaniletea ile nyota akaniuliza, "Babu, hiki ni cha nani?"

Nikaigeuza nyuma. Hapakuwa na neno. Na hii, wasikilizaji, haikuwa bahati mbaya ya nyota ile moja, kwa sababu medali za vita vya kwanza zilichongwa ukingoni nambari ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake, ilhali nyota za vita vya pili Serikali ya Uingereza ilizitoa tupu, kwa Mwingereza na kwa Mwafrika, bila ya kuchora jina la mtu. Lakini Mwingereza alirudi kwao kwenye daftari la kanisa, na ofisi ya kijiji, na gazeti la mtaa, vyote vikimshuhudia. Jirani yangu alirudi Isiolo. Karatasi zake tulipozifungua zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimebaki vumbi, na yule shahidi wa shaba akawa amesimama barazani pasipo kujua amekuja kumshuhudia nani. Nilimwambia mtoto kwamba ni ya babu yake, naye akaniamini, kwa kuwa nilikuwa mtu mzima. Siku nitakapoondoka mimi, atamwambia nani?

Msidhani ni jambo dogo la mkebe mmoja. Mjini Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zipo tangu mwaka 1928 sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Kiafrika wa vita vya kwanza, zimeandikiwa kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na katika lugha zote tatu hapana jina la mtu hata mmoja. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tazameni pengo lililoko kati ya hesabu ya kwanza na ya pili! Mfanyabiashara wa ng'ombe asiyejua kama zizini mwake mna 116 au 350 tungemwita mwenda wazimu.

Sasa niwakumbushe hadithi nyingine ya papa hapa, ambayo ulimwengu unaijua kuliko sisi. George Adamson alikuwa bwana nyama mkuu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na makazi yake yalikuwa hapa Isiolo pamoja na mkewe, Joy, ambaye kabla ya hapo, mwaka 1947, alikwisha kupata medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kwa ajili ya picha zake za maua. Mwaka 1956 George alimwua simba jike aliyemshambulia, kisha akakuta nyuma yake watoto watatu, akawaleta nyumbani. Wawili wakapelekwa Rotterdam, na wa tatu, mdogo kuliko wote, akabaki, akaitwa Elsa. Kitabu cha Joy kilitoka mwaka 1960 kikasomwa dunia nzima, na filamu iliyotokana nacho ikatoka mwaka 1966, ikapata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake na wimbo wake. Hivyo simba wa Isiolo alizaa Oscar mbili, na alipokufa mwaka 1961 alizikwa kwa heshima, na kaburi lake limo katika Mbuga ya Meru, lina jiwe na lina jina.

Lakini katika kitabu kile kile yumo kijana mmoja wa Kisomali, mtunza bustani, aliyepewa kazi ya kuwalea wale watoto wa simba tangu siku za mwanzo, akacheza nao na kuwalinda, na nguo zake zikachanwa kwa kucha. Jina lake limeandikwa Nuru. Nuru bin nani? Hapana. Yumo na askari wa wanyamapori wa Kiturkana, Makedde, ambaye alikuwa mstari wa mbele kila palipokuwa na hatari. Sitaki kumdhulumu Bibi Adamson, ambaye naye alikufa kwa kuuawa papa hapa Shaba mwezi wa Januari mwaka 1980, kwani yeye angalau aliwataja, na wengi katika zama zake wangaliandika "boi wetu" wakapita. Ila mizani ndiyo hiyo: bibi ana medali, wanamuziki wana Oscar, simba ana kaburi, na Nuru ana jina moja tu lisilokuwa na baba.

Kuna na hali iliyo kinyume cha hii, nayo inatuhusu zaidi. Ukishuka katikati ya Nairobi utapita mtaa wa Wabera, na nathubutu kusema kwamba katika watu mia watakaokupita hapo na vifurushi vyao, tisini na wengi zaidi hawajui Wabera ni mtu, seuze kujua alikuwa mtu gani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, na tarehe 28 ya mwezi huo huo Wabera na Chifu Haji Galma Dida waliuawa kwa risasi karibu na Modogashe, wakiwa katika safari ya kuwasihi watu wa kaskazini wasijitenge na Kenya. Uhuru kamili hawakuuona. Mwaka haukuisha ila hali ya hatari imetangazwa kaskazini, na miaka iliyofuata, ambayo Waborana wa Waso wanaiita Gaaf Daba, zama za kusimamishwa, wakati watu na mifugo walipofungiwa makambini na ngamia wakapigwa risasi, haikumpa nishani mtu yeyote wa hapa, wala haikumwacha mtu wa hapa na ngamia wa kutosha.

Mimi ni katika wale wanaoamini kwamba Wabera alistahiki mtaa wake, na Haji Galma alistahiki wa kwake vile vile, hata ikiwa kuna wazee hapa mjini ambao katika siku zile walikuwa na rai nyingine na hawakuficha. Mtu aliyekwenda bila ya kinga kuzungumza na watu waliomkasirikia ana haki ya kukumbukwa hata na waliompinga. Lakini kibao cha mtaa kisichoelezwa kimepata ugonjwa ule ule wa nyota ya jirani yangu, kwa upande wa pili: kule tulikuwa na nishani iliyopoteza jina, na huku tuna jina lililopoteza mtu. Hapa Isiolo nako tunayo wadi ya Wabera, na watoto wetu hulitamka jina hilo mara kumi kwa siku. Waulizeni leo usiku kabla hawajalala.

Nilisema mcheza kwao hutunzwa, na sasa inanibidi nikiri kwamba sisi wa kaskazini tumeupindua msemo huo. Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, ambaye pamoja na wanawake wenzake walianzia sokoni kuwapatanisha koo zilizokuwa zikiuana katika miaka ya 1990, alitunukiwa mwaka 2007 ile tuzo ya Sweden ambayo watu huiita Nobeli mbadala. Muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit alipata tuzo ya wauguzi wa dunia mwaka 2022, dola 250,000, na alikwenda kuipokea Dubai. Na si kaskazini peke yake: Mwalimu Peter Tabichi, aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule ya kijijini iitwayo Keriko, kule Njoro, na akiwagawia maskini sehemu kubwa ya mshahara wake, naye aliitwa Dubai mwaka 2019 akapewa dola milioni moja. Hao wote walicheza kwao, wakatunzwa ughaibuni, kisha ndipo sisi tukakimbilia uwanja wa ndege na mashada ya maua. Wala sioni ubaya kwa Dubai wala kwa Sweden, ambao wametoa mali yao. Naona aibu kwamba macho ya mgeni yameona kutoka ng'ambo ya bahari kile ambacho sisi tulikuwa tukikipita kila asubuhi tukikisalimu.

Kwa upande wa medali za shingoni, hizo hatuzikosi. Tangu mwaka 2000 hukimbiwa mbio za marathoni kila mwaka katika hifadhi ya Lewa, hapa jirani, na kila amalizaye hupewa medali yake, wa kwanza na wa mwisho, na nimepata kuona vijana wakishuka stendi jioni, wamechoka na vumbi lao, wangali wamezivaa. Sicheki. Kumaliza ni jambo.

Bali kama ningeulizwa mimi nimtaje wa kutunzwa Isiolo, nisingeanza na mkimbiaji wala na mheshimiwa. Ningeanza na wale wanawake wa maziwa ya ngamia, wa ushirika wa Anolei na wenzao, ambao maziwa yao hukamwa huko kwenye fora, kambi za malishoni, usiku haujaisha, yakaletwa mjini kwa pikipiki na malori ndani ya madumu yaliyofukizwa moshi, wakayapokea, wakayanusa na kuyaonja dumu baada ya dumu, lililoharibika wakalitenga hata kama ni la shangazi yao, wakayapoza, kisha wakayapakia basi la kwenda Eastleigh, safari isiyopungua kilomita 270, yafike kabla hayajachachuka. Katika biashara hiyo dumu moja bovu likipita huharibia jina wote, na anayelipa ni yule mwenye pua. Wamesomesha watoto kwa pua hiyo. Haijapata kuundwa nishani ya pua, nami nadhani ni kasoro ya wenye kuunda nishani.

Basi hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Tumezoea kulaumu kwamba Nairobi haituoni, na lawama hiyo ina ukweli wake, lakini nimekwisha kusema kwamba nishani ni shahidi, na hakimu hamwiti shahidi ambaye hakuna aliyempelekea jina lake. Sheria ya Heshima za Taifa ya mwaka 2013 iliweka kamati ya kumshauri Rais juu ya nani anastahiki, na kamati, kama chombo chochote cha watu, husoma kilichoandikwa na haisomi kilichonyamaziwa. Sisi ni mahodari wa kusifu chini ya mti, tukimaliza chai tukaondoka, na sifa zikabaki pale pale na vikombe.

Kwa hiyo nakuombeni jambo jepesi. Mwandikeni mtu mmoja. Mwandikeni jina lake kamili, na la baba yake, na la mahali pake, ili asije akawa Nuru; mwandikeni alilolifanya na mwaka alioanza, ili asije akawa kibao cha mtaa; na muweke mashahidi wawili walioona kwa macho yao, walio tayari kutia sahihi. Mwalimu, mchimba kisima, mpatanishi wa malisho, mfua vyuma, yeyote mnayemjua kwa yakini. Mpelekeni serikalini, na nakala mtuletee hapa redioni, nasi tutaisoma hewani hata kama huko haitajibiwa, maana kutunza mbele ya waliomwona mchezaji hakuhitaji ruhusa ya gazeti rasmi.

Ya kwanza nimeiandika mwenyewe jana usiku. Ni ya mkunga mmoja wa Garba Tulla, ambaye jina lake sitalitaja mpaka atakaponiruhusu, na aliyezalisha watu ambao baadhi yao hivi sasa wananisikiliza na wana ndevu. Sahihi ya shahidi wa kwanza ni yangu. Nafasi ya shahidi wa pili ingali wazi.